Siku Nilipowaamkia Tumbusi

Siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya jalada la daftari. Shangazi Rehema, mwenye duka la vifaa vya shule Babati, alinipa kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu chuo hapa Guangzhou, China: nimchagulie mnyama wa kuchapwa kwenye madaftari yake mapya. Simba, twiga, tausi. Kila nikichagua mmoja, nawaonea wengine huruma na kuanza upya. Nikikosea, madaftari yatamdodea na mimi sitaaminiwa tena. Nilikuwa napita mtaa wa Yide Lu nikiwaza hayo, harufu ya samaki wakavu ikanipiga puani, ikanirudisha kwa bibi, kiangazi nilipokuwa na miaka saba.

Ng'ombe wetu mzee alikuwa amefia karibu na kisima, na harufu yake ilishafika jikoni. Watu wazima walitaka kumfukia, lakini ardhi ilikuwa ngumu kama saruji. Bibi, mama yake Shangazi, hakuhangaika. "Acheni. Mabwana afya watafika kabla ya adhuhuri." Bwana afya niliyemjua mimi ni yule aliyekuja shuleni kwa pikipiki kukagua vyoo. Nikafagia choo, nikafunika mtungi, nikaoga, nikavaa shati la shule na kulifunga vifungo mpaka shingoni. Nikasimama njiani kusubiri pikipiki.

Wakatokea juu. Vivuli vilizunguka uani, kisha mbawa zikavuma kama mkeka unaokung'utwa. "Haya, mabwana afya hao!" Bibi akaita. Nikazitazama zile shingo zisizo na manyoya, na ule mwendo wa kurukaruka kama wazee waliopandisha kanzu kuvuka tope, na kwa kuwa nilifunzwa adabu, nikapaza sauti: "Shikamooni!" Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Bibi alijifuta machozi, akasema, "Mwacheni, kaamkia vizuri. Hao wakigoma, kisima hiki tunakihama." Jioni ilibaki mifupa mitupu, harufu imekwisha. Kiangazi kile chote nililala chali nikiwatazama wakipanda angani bila kupiga bawa, na mpaka leo sijaona ndege anayeruka vizuri kama wao.

Hapa angani naona madirisha ya maghorofa tu. Lakini kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu kuna mama anayefagia kila asubuhi, watu wakimpita kama nguzo, nami nilikuwa nampita hivyohivyo. Leo nilimsalimia, akatabasamu, nikawakumbuka mabwana afya wa bibi, nikampigia Shangazi hapohapo kumwambia nimepata mnyama.

"Tumbusi? We mtoto, nani atabeba tumbusi shuleni?"

"Yule aliyewaamkia, Shangazi."

Akacheka kicheko kilekile. "Haya. Yakidoda, utakuja kuyauza mwenyewe."

Jioni nilichora tumbusi, nikampelekea mchapaji wa hapa Guangzhou. Aliutazama mchoro wangu, akatikisa kichwa: "Bu hao kan." Yaani, si mzuri. Lakini safari hii sikuanza upya. Nilimwomba kalamu, nikaandika chini ya mchoro neno moja, Shikamoo, kisha nikatia sahihi fomu ya kuchapa.