Kishikwambi cha mume wangu kinafunguka kwa sura ya mtoto wa mdogo wangu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mume wangu naye anaifuatilia page hii. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, Mluguru wa huku huku. Naishi Morogoro mjini na mume wangu na watoto wetu wawili wa kiume, nashona mapazia na mashuka. Mume wangu ni mtu wa Singida, anaendesha lori la mpunga kutoka Dakawa. Wanaonijua wanasema nina mdomo, na ni kweli, ila kwa hili mdomo umekuwa mzito.

Mwaka huu mume wangu alinunua kishikwambi, kile cha bei ya chini kabisa dukani. Muuzaji alikisifia mpaka nikadhani kinasonga na ugali. Sitakisingizia, kimetusaidia. Wateja wangu wanaona mapazia vizuri, wanangu wanasomea, na tukimpigia mama yangu kule kijijini milimani tunaenea wote kwenye picha bila kusukumana. Lakini ndiyo hivyo, rahisi ni ghali. Chaji inakata kabla ya adhuhuri, picha zikizidi kinaganda, na kamera yake inatutoa sote kama tumetoka mashine ya kusaga. Mume wangu alikifunga kwa sura yake, ili watoto wasicheze gemu bila ruhusa. Mimi nafungua kwa namba.

Sasa nieleze kuhusu mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Alipokuwa anasoma chuo hapa mjini alikaa kwangu. Akapata mimba, akarudi kwa mama kujifungua, na mpaka leo hajamtaja mhusika. Kwa wengine pangewaka moto. Kwetu mtoto anafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mama alisema tu mtoto ni wetu, na baba yake akitaka kuja njia anaijua. Tukacheka, mtoto akapokewa, yakaisha. Tena majirani waliokuwa wanachokonoa ni mimi niliyewanyamazisha, nikawaambia kwetu hatuulizi. Nilijivunia sana mila hiyo.

Mtoto huyo ni wa kike, ana miaka minne, nimwite Zuhura. Shule zilipofunguliwa ni mume wangu aliyesema aletwe kwetu aanze chekechea, kwa sababu kule milimani shule iko mbali. Nikamsifu kwa roho yake nzuri, nikawasimulia hadi wateja. Zuhura ananiita mama mkubwa, na mume wangu anamwita baba mkubwa, kama ilivyo desturi.

Jumapili moja mdogo wangu alikuja kumwona mwanaye. Tukiwa tunakula, Zuhura akakichukua kishikwambi, akakiinua usoni kama anavyomwona baba mkubwa wake akifanya. Kikafunguka. Wanangu wakaona ni mchezo, wakakigombania. Mkubwa akakiinua, kikakataa. Mdogo wake akakiinua, kikakataa. Wanangu wamefanana na mimi, kila mtu anasema. Akarudishiwa Zuhura, kikafunguka tena. Mimi nilicheka, nikatania kwamba kimempata mwenyewe. Nilipoinua macho, mdogo wangu alikuwa anakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Mume wangu alikuwa anatazama mlangoni.

Kesho yake nikakipeleka kwa fundi simu mjini, nikajifanya nauliza tu. Akaniambia hivi vya bei ya chini havichunguzi sura sawasawa, vinadanganyika, nisiwe na wasiwasi. Nilifarijika sana, jamani. Akakiinua usoni kwake ili anionyeshe, kikakataa. Akamwita mwenzake, kikakataa. Fundi akanirudishia, akasema labda ni mwanga.

Niliporudi nikakirudisha mezani. Jioni mume wangu akakaa nacho, na alipomaliza sura yake ilikuwa haipo tena, imebaki namba. Nikamuuliza kwa nini ameitoa. Akasema watoto wanamaliza chaji. Hakunitazama.

Nikampigia mama. Nilizunguka weee, mwisho nikamuuliza kama mdogo wangu aliwahi kumtaja baba wa mtoto. Mama akasema, "Mwanangu, usichimbe. Hata angekuwa mume wako, mtoto bado ni wetu."

Ndugu zangu, mimi sikuwa nimemtaja mume wangu.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikiwauliza na ikawa ni mashine tu imekosea, nitakuwa nimemvunjia heshima mdogo wangu na mume wangu kwa neno la kifaa ambacho hata chaji hakikai nayo. Na mama labda aliongea tu, kama wazee wanavyoongea. Nikinyamaza, nitaendelea kuwapakulia chakula mezani huku nazilinganisha pua na masikio. Ninachoogopa zaidi ni Zuhura. Kwao Singida mtoto ni wa baba. Nikiufungua mdomo na likawa kweli, huyu mtoto atavutwa huku na huku kama shuka, naye hajamkosea mtu.

Juzi nilikuwa kwenye cherehani. Akaja na kishikwambi, akakiinua usoni, akasubiri. Akakisogeza karibu, akatabasamu, akasubiri tena. Halafu akanigeukia, machozi yanamlenga.

"Mama mkubwa, kimenisahau."

Nilimpakata, nikashindwa hata kumwambia namba. Wenzangu mlio kwenye ndoa, na nyie Waluguru wenzangu mnaoijua mila yetu, nisaidieni mawazo bila kunitukana. Niulize, au nami niseme kwetu hatuulizi?