Mguu wa Milembe na Vyuma vya Shemeji Yake

Milembe ni jirani yangu hapa Sapiwi tangu tukiwa wasichana walioolewa juzi, na ninaandika habari zake nikiwa bado na hasira. Nimeisalia hasira hiyo kanisani na nyumbani. Imepungua kidogo, haijaisha.

Ni mjane, mwembamba, mkulima wa pamba, na mdomo anao. Mume wake alipokuwa hai walilima kwa ng'ombe. Msimu mmoja plau iligonga kisiki ikaruka, ikamkata Milembe chini ya goti. Kidonda kilioza na hospitali wakaukata mguu. Miaka mingi alitembelea magongo mawili ya mti, na mwenye magongo hawezi kushika jembe, mikono yote ina kazi. Alikaa barazani akipukuchua mahindi ya watu huku shamba lake likilimwa na yeyote aliyejisikia, kwa namna aliyojisikia. Mimi nilikuwa namwona anavyolitazama.

Mwaka juzi parokia ilimsaidia kwenda Mwanza kutengenezewa mguu, nami nikamsindikiza. Fundi wa pale alikuwa dada mmoja anaitwa Sia. Alichukua bapa la plastiki nene, akaliweka kwenye oveni mpaka likalegea kama chapati mbichi, akalivuta juu ya umbo la plasta alilolichukua kwenye kigutu cha Milembe. Lilipopoa likawa ganda gumu, ndani tupu kama bomba la baiskeli.

"Mama zangu, msione kitu hiki ni chepesi mkakidharau," Sia alituambia. "Hiki ukikikanyaga kinajikunja kidogo, halafu kinarudi. Hata mama mnene anakitembelea. Ila msikitoboe wala msikipashe moto. Mkitoboa tundu, ufa umepata pa kuanzia."

Milembe aliunyanyua ule mguu kwa mkono mmoja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Msimu uliofuata akaingia kwenye kikundi chetu cha palizi.

Kikundi chetu ni cha wanawake, tunalima kwa kupokezana. Leo wote kwa Anna, ambaye ndiye kiongozi wetu, kesho wote kwangu, na kadhalika. Asiyelima kwa wenzake, kwake haendi mtu, na pamba ikizidiwa na magugu hakuna cha kuvuna. Sheria yetu nyingine ni ya jembe. Ukivunja jembe la mwenzako, unalima mistari yake wewe mwenyewe mpaka jembe litengenezwe lirudi. Hakuna kutuma mtu.

Sasa huyu Ngeleja. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wa Milembe, mtu wa ng'ombe, anaheshimika. Sisemi ni mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningejua la kumfanya. Huku kwetu wanaume hupima kila kitu kwa kukiinua. Jembe zito ndilo zuri, mlango mzito, kitanda kizito. Kila alipopita kwa Milembe, Ngeleja aliushika ule mguu akautikisa.

"Shemeji, huu si mguu, ni jagi. Siku ukikwama huko mbugani kwenye tope utarudi mgongoni kwa nani?"

"Kwako, shemeji. Una mgongo mpana na huna kazi."

Tulicheka wote, naye akicheka. Nisingecheka kama ningejua.

Jumapili moja baada ya misa Milembe aliuvua mguu apumzishe ngozi, akausimamisha ukutani, akalala. Alipoamka haukuwepo. Aliita, nikaja mbio, tukatafuta mpaka uvunguni. Jioni Ngeleja akatokea kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini, uso unamng'aa kama bwana harusi, mguu ameupakata. Alikuwa ameupeleka kwa fundi wa kuchomelea, Marcelo, wakautoboa matundu juu na chini, wakaupigia nondo mbili kwa bolti, moja kila upande.

"Mwadila, mayu," akasalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. "Shika hiyo. Sasa ni mguu wa mtu mzima."

Milembe aliupokea, mikono ikashuka. Akauweka chini, nami nikajua linakuja jambo.

"Ngeleja," akasema, hakumwita shemeji. "Mguu wako umeota mwilini, unajibeba. Huu naubeba mimi, kwa kigutu hiki, kila hatua. Umeniongezea mzigo ukaniletea kama zawadi."

"Nimekusaidia, kisha unanisema?"

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa umelala."

"Ungeniamsha. Kama ningekuwa ng'ombe wako ungeniamsha."

Aliondoka amenuna, akidai wanawake hawana shukrani. Mungu anisamehe, nilitamani pikipiki yake izime njiani.

Tulijaribu kuzifungua zile bolti. Marcelo alikuwa amezichomelea vichwa kabisa ili zisilegee. Na kesho yake ilikuwa zamu ya kulima kwa Anna, kisha inayofuata kwa Milembe. Asipotokea, shamba lake linarukwa. Kwa hiyo alfajiri akauvaa hivyo hivyo. Nilitembea nyuma yake namwona anavyoutupa ule mguu mbele kama mtu anayerusha ndoo ya maji. Nikamwambia turudi. Akaniambia, "Sali kimoyomoyo, uniache."

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wetu ule mweusi ulinata kwenye unyayo, ukavuta, nondo zikavuta, naye akainua kwa nguvu. Tulisikia kitu kinapasuka kama kibuyu. Ufa ulianzia kwenye tundu la bolti ya juu, ukazunguka ganda lote. Milembe akaanguka kati ya mistari. Nondo zilibaki zimenyooka, nzima, hazina hata mkwaruzo.

Tulimnyanyua. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye kigutu. Hakulia. Alimwambia Anna, "Mwiteni Ngeleja. Kuna jembe limevunjwa hapa."

Ngeleja alipofika, Anna alimweleza sheria. Akatutazama mmoja mmoja kama tumerukwa na akili.

"Mguu si jembe."

"Naulimia," Milembe akasema akiwa ameketi chini. "Bila huo silimi. Wewe uniambie ni nini."

"Basi nitamleta mke wa kijana wangu alime."

"Mke wa kijana wako aliutoboa?" Anna akauliza.

"Mayu Anna, mimi nipalilie na wanawake? Watu wanapita barabarani hapo."

"Wape salamu wakipita."

Mimi si mtu wa kusema mbele za wanaume, lakini siku hiyo nilisema. Nilimwambia kwamba yule dada wa Mwanza alituonya kutoboa, na kwamba kama angeuliza angeambiwa, ila hakuuliza kwa sababu alishapima kwa mkono wake akaona inatosha.

Ngeleja alichukua jembe. Milembe akamwita kabla hajaanza, akampa nondo moja kati ya zile tulizokuwa tumezitoa kwa kuvunja plastiki iliyobaki.

"Jifunge kwenye muundi. Uende nayo mpaka kwenye ule mchongoma."

Alijifunga kwa kamba, nafikiri alitaka kutuonyesha si kitu. Alilima. Kabla hajafika nusu alianza kuburuta mguu, tope limemjaa kiatuni, jasho linamtoka. Hakuna aliyecheka. Alisimama akaifungua, akaiweka pembeni taratibu, akarudi mpaka alipokaa Milembe.

"Umetoka nayo nyumbani mpaka hapa?"

"Na ya pili yake."

Akatazama chini. Kisha akasema mguu mpya utakapotengenezwa Mwanza ataufuata yeye mwenyewe, na mpaka hapo mistari ya Milembe ni yake. Milembe hakumshukuru. Nami sikuona la kushukuru. Ngozi ya kigutu bado haijapona, na kabla haijapona Sia hawezi kuchukua umbo jipya.

Jana tulikuwa shambani kwa Milembe mwenyewe, kikundi kizima. Hakurukwa. Ngeleja alikuwa kwenye mstari kati yangu na Anna, ameinama, na vijana wa baiskeli walikuwa wamesimama barabarani wanamtazama. Milembe alikuwa amekalia ndoo mwanzo wa shamba, magongo ya zamani kando yake.

"Shemeji," akaita, "umeruka magugu hapo nyuma."

Akarudi kuyang'oa.