Udongo Wangu Juu ya Miti Mibichi

Siku lori lilipokuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa, mume wangu alikuwa ameshang'oa nguzo za nyumba yetu, zile alizozisimika baba yake kule mlimani, upande wa Itiryo. Ulikuwa mti mgumu, mwekundu ndani. Ukiugonga kwa panga, panga linarudi. Mgambo akazitazama zilivyopangwa kando ya njia, akasema, "Magogo hayapandi. Watu, vyombo na chakula, basi."

"Sasa huko tutajengea nini?" nikamuuliza.

"Miti ipo kila mahali, mama."

Ilikuwepo, lakini mibichi. Kwenye kijiji kipya tulioneshwa kiwanja chetu katika mstari, na balozi wetu wa nyumba kumi akawa anapita kila asubuhi kuhimiza. Mvua ilikuwa karibu. Wanaume walikata mikaratusi michanga bondeni, wakaisimika kabla hata majani yake hayajanyauka. Nilimwambia mume wangu tuimenye magome kwanza, tuiache ikauke.

"Kamwambie balozi," alinijibu, bila kuinua macho.

Kukandika ni kazi yetu wanawake. Nilichota maji mtoni, nikakanyaga udongo hadi nyayo zikauma, nikakandika ukuta wote na kuumalizia kwa samadi ya ng'ombe mpaka ukawa laini. Haukupita muda, nyufa zikaanza. Miti ilikuwa inakaukia ndani ya ukuta wangu, inasinyaa na kujipinda, na udongo unaachana nayo. Nikaziba. Zikafunguka pengine. Fremu ya mlango ikajikunja, mlango ukagoma kufungika. Kisha wakaja mchwa, wakapanda chini ya magome yale ambayo hatukuyamenya. Niliwakwangua kwa kisu kabla ya kubandika uji, na kesho yake njia zao zilikuwa palepale.

Masika yakauangusha ukuta wa upande wa jiko. Tulikuwa shambani. Tuliporudi tuliukuta umelala juu ya mafiga, na chungu alichonipa mama yangu nilipoolewa kimevunjika chini yake.

Balozi alikuja, akasimama barabarani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mama, nyumba yenu inaharibu mstari."

"Mzee, umeniona nikikandika ukuta huu tena na tena. Mimi sikandiki tena. Waliotuharakisha kusimika miti mibichi waje wakanyage udongo wenyewe."

Akageuka, akaenda nyumba ya pili. Mume wangu ndiye aliyejibu, alipotoka zizini. "Umeniaibisha mbele ya mtu mzima."

"Lete miti mikavu, nitakandika."

Alininunia. Tukaishi katika nusu ya nyumba iliyobaki, upande ulio wazi tumeuziba kwa mkeka, na mbuzi wakiingia wapendavyo. Lakini kiangazi kilipofika, akakata miti mingine, akaimenya magome yote, akailaza kivulini juu ya mawe ili hewa ipite chini. Akawa anaigeuzageuza. Ilipokuwa myepesi mkononi, akaziunguza ncha za chini mpaka zikawa nyeusi, akazipaka oili chafu aliyoomba kwa dereva wa trekta la kijiji. Kila shimo aliliwekea kokoto chini, maji yasituame. Majirani walipita wakiuliza kama tunajenga au tunachoma nyama. Hakuna aliyebaki kutazama.

Nilikandika mara moja tu. Ukuta ukatulia.

Balozi akaleta wageni kutoka wilayani, akawaonesha nyumba yetu kuwa ya mfano, akaeleza jinsi alivyotuhimiza. Nilikuwa nimesimama pale na beseni la ulezi. Mgeni mmoja aliupapasa ukuta wangu, akampa mume wangu mkono, wakaenda zao.

Muda si mrefu jirani yangu, aliyekuwa amejifungua karibuni, aliniita nimsaidie kukandika. Nilikwangua nguzo yake kwa ukucha, maji yakatoka.

"Dada, hii miti bado mibichi."

"Najua," alisema, akimhamishia mtoto bega la pili. "Lakini balozi amesema nyumba zote ziishe kabla ya mvua. Na mimi nitamlaza wapi huyu?"

Nilimwaga maji kwenye shimo la udongo, nikakunja kanga yangu magotini, nikaanza kukanyaga.