Mstari Ambao Sikuuandika

Hadi leo, nikinusa vumbi linaloungua juu ya plastiki yenye moto, namkumbuka Kabula, na uso unanishuka.

Miaka ya themanini tulisoma shule moja ya wasichana huko Kahama. Kompyuta ilikuwa moja tu, imeunganishwa na televisheni ndogo ndani ya stoo ya vitabu, na ilipopata moto vumbi lililoikalia liliungua na kunuka. Mwalimu Sabina wa hesabu alituchagua mimi na Kabula tuanze kujifunza. Kabula alikuwa mtoto wa wafugaji, mpole. Mimi nilitoka Maganzo kwenye machimbo ya almasi, ambako aliyeokota jiwe hakumwambia hata nduguye. Baba alizoea kusema, "Anayekuchekea anakupekua mifuko." Nikakua hivyo, simwamini mtu.

Programu yetu ilikuwa ya kujumlisha namba kutoka moja hadi tano. Mwalimu alitueleza kwamba tano haijui jibu, kwa hiyo inaiuliza nne. Nne inaiuliza tatu, hivyo hivyo mpaka moja, ambayo haimuulizi mtu. Hapo majibu yanarudi kwa njia ileile. Programu inajiita yenyewe. Hata hilo nililishuku. Kitu kinachojiuliza na kujijibu, kwangu kilifanana na ramli.

Ijumaa niliichapa, nikaihifadhi kwenye kaseti. Kabula akabaki kufagia. Jumatatu mkuu wa shule alikuja kutazama, naye alikuwa ameshasema mashine ile inakula nafasi ya vitabu bure. Kompyuta ikaganda kitambo, kisha ikaandika kwamba nafasi katika kumbukumbu yake imekwisha.

"Ni Kabula," nikasema. "Amefuta mstari wangu."

Kabula alilifumbata daftari lake kifuani. "Minza," akasema taratibu, "mimi hata kaseti naogopa kuishika."

Mkuu hakumsikiliza. Alimwondoa kwenye kompyuta, akampeleka kulima bustani muhula mzima.

Jioni nilifungua daftari langu. Mstari wa kuiambia moja isimame haukuwepo. Sikuwa nimeuandika kamwe, ndiyo maana programu ilijiuliza bila kikomo. Nikauchapa, na kumi na tano ikatokea kwenye kioo. Mwalimu alifurahi. Mimi sikumwambia kosa lilikuwa la nani.

Mwisho wa muhula nilitumwa kukusanya madaftari, nikafungua la Kabula. Programu ile ilikuwemo, mstari wa moja mahali pake, na tarehe ya Ijumaa ile.

Nilimwona mjinga kwa kutolionyesha. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba angelifungua mbele ya mkuu, madaftari yetu yangelinganishwa, ningeumbuka mimi. Naye, wakati namchongea, alikuwa ananisitiri.