Redio Tatu na Sharti la Mama

Mama alikubali kuhama Muleba kuja kuishi nami na mke wangu Kibeta kwa sharti moja: kituo chake cha redio kisikike huku. Mwanzoni mwa mvua alikuwa ameteleza na kuvunjika kifundo cha mguu, na sisi wanawe wawili, mimi na kaka yangu anayeishi Bilele, tulishaona kwamba hawezi tena kukaa peke yake. Hakubisha. Alitukumbusha tu kwamba alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, na kwamba ndugu zake wa kule si watu wa kupiga simu. Habari zao anazipata kwenye matangazo ya vifo yanayosomwa saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, kwenye kituo kimoja cha masafa ya kati. Dada yake mkubwa yuko huko, naye ni mgonjwa.

"Akifa nisisikie," alisema, "nani atamlilia kwa niaba yangu?"

"Mama, tutakununulia simu," kaka akasema. "Redio zote zimo humo."

"Bando huisha katikati ya jina la marehemu. Nimeshaona kwako."

Kazi ikawa yangu, maana mambo ya redio nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kufungua redio zilizokufa.

Nilipata redio tatu: kubwa ya zamani ya betri nne, niliyoazima kwa jirani; ndogo ya mfukoni; na mpya ya kidijitali yenye namba zinazowaka. Watu wengi huvuta ile antena ya chuma ili kituo kisikike vizuri zaidi. Kwenye masafa ya kati haisaidii kitu. Kinachonasa ni ufito mweusi uliolala ndani ya redio, umezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Katika ile kubwa ufito ulikuwa na urefu wa shibiri. Katika ile ndogo haukufika hata kidole. Ile ya kidijitali ilikwenda kwenye kituo bila kukosea, lakini taa zake zenyewe zilileta mlio kama wa nyuki.

Nilichora safu katika daftari na kutoa alama. Sifuri ni kimya. Tatu ni maneno yanayosikika huku majina yakipotea. Tano ni jina la marehemu, la baba yake na la kijiji chake. Kwa Mama tatu haikuwa na thamani. Tangazo la kifo lisilo na jina ni kelele.

Redio kubwa ikiwa peke yake ilipata mbili. Nikaamua kuongeza waya mrefu. Niliutoa dirishani, nikaupitisha juu ya kibanja chetu kilicho nyuma ya nyumba, nikiufunga kwenye miti inayoegemeza migomba yenye mikungu mizito, na ncha ya ndani nikaizungusha mara chache kwenye redio. Asubuhi ya kwanza nilipata nne, nikafurahi. Asubuhi ya nne nikapata moja. Wiki iliyofuata tatu, kisha sifuri, kisha tatu tena. Nikaongeza safu ya mvua, safu ya mawingu, safu ya upepo wa ziwani. Hakuna iliyolingana na alama. Baada ya wiki sita nilifikia uamuzi ambao daftari liliniruhusu: Kibeta haiwezekani.

Nilikwenda Muleba kumwambia. Mama alinipa kahawa ya kutafuna, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nakaa," alisema. "Umefanya kazi, mwanangu. Hewa hailazimishwi."

Alisema kwa upole, na upole wake ulinisumbua njia nzima. Nilimwacha kwenye kiti mlangoni, mkongojo ukiwa umeegemezwa kando yake, na kisima anachochotea maji kikiwa kule kule chini ya mteremko.

Kesho yake asubuhi mke wangu alikuwa kibanjani akikata mkungu. Akaniita.

"Baba, leo waya wako niuhamishie wapi?"

"Kuuhamisha kwa nini?"

"Si huu mti nauondoa? Ule mgomba wa pale unakaribia kuanguka."

Nikatoka na daftari mkononi. "Umekuwa ukiuhamisha tangu lini?"

"Tangu ulipoufunga. Ulitaka niuache ulale chini?"

"Ungeniambia."

"Nilidhani unajua. Si wewe unayeandika kila kitu?"

Hakuna mtu wa Kagera asiyejua kwamba mkungu ukikatwa, mti wake wa kuegemeza unakwenda kwa mgomba mwingine. Nimeihamisha miti hiyo tangu utoto. Lakini nilipoufunga waya niliiangalia kama nguzo. Kwa wiki sita mke wangu alikuwa ameubeba waya kwa uangalifu kutoka mgomba hadi mgomba, mara ukigusa majani mabichi, mara ukipita sambamba na waya wa umeme unaoingia jikoni. Alama zangu zilikuwa zimefuata ndizi.

Nilicheka, naye akacheka zaidi. Kisha niliuondoa waya kabisa.

Nilitengeneza fremu ya mbao ya mraba, kila upande urefu wa mkono wangu, nikaizungushia waya, na miisho yake nikaifunga kwenye kapasita ya kuzungusha, kile kifaa cha kutafutia vituo, niliyoitoa katika redio iliyokufa. Fremu hiyo haiunganishwi na redio. Unaisimamisha kando yake, unazungusha kapasita mpaka sauti ijae, kisha unaigeuza fremu yenyewe. Ubavu wake ukielekea kituoni, kituo kinapanda; ukiugeuza kidogo, kelele za taa za jirani zinafifia. Niliiweka barazani, mbali na bati la paa linalozuia mawimbi. Nilipata tano. Nikangoja asubuhi tisa kabla ya kumwambia mtu, na saba kati ya hizo zilinipa alama ya tano.

Kaka alimleta Mama kwa siku mbili, kwa majaribio. Aliitazama fremu kwa muda.

"Mmebomoa dirisha la nani?"

Alfajiri alikaa barazani amejifunika blanketi, mguu juu ya kigoda. Nilitaka kumwelekeza, akaniondoa kwa kiganja na kuigeuza fremu mwenyewe, polepole, kama anayepepeta. Kelele zikaisha. Majina yakaanza, na yeye akawa anayarudia kwa sauti ndogo, kila moja pamoja na kijiji chake. Kwenye jina la nne alishika mkono wangu. Kijiji kilikuwa cha kwao. Jina lilikuwa la mwanamume.

"Huyo aliniibia viazi tukiwa watoto," alisema, akiuachia mkono wangu taratibu. "Mungu amlaze pema. Alikuwa mwizi mzuri."

Alisikiliza hadi jina la mwisho. La dada yake halikuwamo. Kukapambazuka, na kituo kikaanza kuzama chini ya mwanga kama kawaida ya masafa hayo. Mama akazima redio ili kutunza betri, akamgeukia mke wangu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Binti yangu, hapa kuku wanalala wapi?"

Mke wangu akamwonyesha banda. Mama alilitazama kutoka pale alipokaa.

"Ni dogo," alisema. "Wangu ni sita."