Vigae vya Skolastika

Miaka ya kukosa sabuni, Skolastika alioga nyuma ya ua wa magunia, akijisugua kwa majani ya mpapai. Biashara ilipofunguliwa na maduka ya Musoma yakajaa, aliuza ng'ombe wake, akarudi Butiama na vigae vya rangi ya waridi iliyopoa, kama ufizi wa mtoto mchanga.

"Bafu langu litakuwa waridi chini mpaka juu," alimwambia mumewe, Isidori. "Hata pazia. Nilikuwaga naoga kama mwizi. Basi, nimechoka!"

"Mama Nyangi, bafu bila maji ni stoo," Isidori alifoka. "Ngoja bomba lifike."

Bomba lilikuja kila mwaka, likaishia midomoni mwa wakubwa. Vigae vikalala uvunguni. Mara kwa mara Skolastika alivitoa, akavifuta vumbi, akavipanga sakafuni aone vitakavyopendeza, kisha akavirudisha. Homa ikamchukua bomba halijafika.

Siku hizo makaburi ya wenye uwezo yalikuwa yameanza kupambwa kwa vigae. Ndugu wakasema ni aibu kumwacha na udongo mtupu, na vigae vimejaa ndani. Isidori hakubisha. Fundi akavimaliza vyote kaburini, pale nyuma ya nyumba, na majirani wakaja kusifu.

Jioni ile mvua ikanyesha. Isidori alitoka, akasimama akilowa, akitazama maji yakitiririka juu ya waridi ile.

"Haya, Mama Nyangi," alisema. "Maji ndiyo hayo."