Marahaba Niliyopewa Bila Shikamoo

Nakumbuka asubuhi niliyomfokea mwanamke aliyenifaa kabla sijazaliwa. Mwanangu, sikufichi, mpaka leo naona haya.

Ulikuwa gredi ya nne. Walimu wamegoma wiki ya tatu, nawe umeshinda nyumbani unachora ukuta kwa makaa. Nilichemka. Mimi nimefika fomu foo kwa taabu, najua mtoto wa maskini akikosa darasa hana pengine pa kushika. Nikajifunga leso kiunoni, nikaenda hadi lango la shule yako hapa Mtongwe, walipokusanyika walimu.

Mbele kabisa ameketi bibi kizee kwenye kiti cha plastiki, bango mapajani. Nikaanza naye.

"Hamna haya! Na wewe ushastaafu, wataka nini tena?"

Akanitazama kwa upole. "Marahaba, mwanangu."

Wallahi, sikuwa nimemwamkia! Walimu wakaangua kicheko. Bibi akaniuliza:

"U wa nani wewe?"

"Wa Zuhura binti Salimu."

"Aa, Zuhura! Mtoto wa kuokota kokoto njia nzima. Mwambie Mwalimu Mwanahamisi amsalimu."

Nyumbani nilimkuta nyanyako Zuhura juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nilipomweleza, aliacha kukuna.

"Umemfokea Mwanahamisi? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo!"

Ndipo akanisimulia. Zama zao msichana akivunja ungo anawekwa ndani, shule basi. Mwanahamisi, mwalimu wa kwanza wa kike shuleni hapo, akapita mlango kwa mlango. Babu yangu mzaa mama alikataa: njiani kuna wanaume. Mwalimu akamjibu, "Basi nitamchukua mlangoni pako, na jioni nitamrudisha mkononi mwa mamake." Akafanya hivyo miaka, mvua na jua, mstari wa wasichana nyuma yake. Mwalimu mwenzake alipofutwa kazi kwa kuwa mja mzito, Mwanahamisi alikwenda akaketi kwenye benchi la ofisi ya elimu siku nne, hadi mwenzake akarudishiwa darasa lake.

"Nisingesoma mimi," nyanyako akasema, "wewe ungesomeshwa na nani?"

Mtu mmoja, miguu miwili, na nyumba nzima nzima zimepita juu ya mgongo wake.

Kesho yake nilirudi langoni. "Shikamoo, Mwalimu."

"Hiyo ya jana nilishaitikia. Ya leo, marahaba. Haya, shika upande huu, mkono waniuma."

Nikashika bango, na hapo ndipo nikalisoma: WATOTO WANNE DAWATI MOJA HAPANA. Mwanangu, mmoja wa hao wanne ni wewe. Na mimi na fomu foo yangu sikuwa nimelisoma.

Watu husema hasira hasara. Mimi nakwambia hasira usiizime, maana hata Mwanahamisi hakukaa siku nne kwenye benchi kwa kuwa amefurahi. Lakini kabla hujafungua kinywa, amkia, kisha soma mwenzio ameshika nini. Na mwalimu wako umheshimu hata akigoma, huenda anagoma kwa ajili yako.

Mola akujaalie mkono wa kukupeleka na kukurudisha salama. Na ukikua, akujaalie uwe mkono huo kwa mtoto wa mwenzio. Amin.